Kwani Rangi Inaliwa?

Shusha ndoo mbili za rangi mbele ya ukuta wa zahanati katika kijiji chochote kati ya Kahama na Geita, na kabla hujapata maji ya kuchanganyia atatokea mtu wa kuuliza: kwani rangi inaliwa? Mwingine atauliza kwa upole zaidi, hizo hela si mngetuletea madawati? Wa tatu atanyamaza, lakini macho yake yatakuwa yameshauliza.

Swali hilo lina haki yake. Huu ni ukanda unaochimbwa dhahabu tangu enzi za ukoloni. Almasi ya Mwadui, wilayani Kishapu, John Williamson aliigundua mwaka 1940. Mtu aliyezaliwa jirani na mgodi, akazeeka jirani na mgodi, na bado anateka maji kwenye lambo pamoja na ng'ombe, ana sababu ya kukikagua kila kinacholetwa kijijini kwake kwa jina la maendeleo. Sura hii inamjibu huyo.

Jibu langu nalitanguliza. Rangi peke yake haifanyi lolote. Kazi hufanywa na mabishano yanayotokea ukuta ukiwa bado mtupu, halafu na midomo inayoendelea kuueleza baada ya rangi kukauka. Kijiji kilichokosa hayo mawili kimepata pambo, na hapo muulizaji wetu ameshinda: afadhali madawati.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ninaposema mchoro wa ukutani wa jamii nina maana ya picha kubwa, inayoonekana kutoka ng'ambo ya barabara, iliyo kwenye ukuta ambao watu hupita mbele yake kila siku, na ambayo waliokubaliana kichorwe nini ni wakazi wenyewe. Picha hiyo ikidai mjane asifukuzwe kwenye shamba lake, au mtoto asikatwe kiungo, inakuwa chombo cha kutetea haki katika jamii, yaani usawa katika kuishi pamoja: nani anamiliki, nani anasikilizwa, nani analala bila hofu.

Kuta zinazosema tayari

Anzia stendi. Iwe Shinyanga mjini, Kahama au Katoro, utaona maduka yaliyopakwa rangi za kampuni za simu kuanzia msingi hadi kenchi. Utaona saluni yenye vichwa vinne vya mitindo ya nywele, vilivyochorwa na mtu ambaye siku hizi ananyang'anywa riziki na mabango ya kuchapwa kwa mashine. Kuna onyo la kukojoa lenye faini yake. Na kuna alama ya X nyekundu, ile inayomjulisha mwenye nyumba kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara na nyumba yake itabomolewa. Mkono mmoja, brashi moja, mistari miwili, na familia nzima inakosa usingizi. Asiyeamini kwamba rangi ukutani ina nguvu amuulize aliyewahi kuamka akaikuta X mlangoni kwake.

Lakini maandishi ninayoyapenda kuliko yote ni yale ya herufi kubwa zilizopinda: NYUMBA HII HAIUZWI.

Kila Mtanzania ameyaona, na wengi tumeyacheka. Nyuma yake kuna kisa. Pengine ndugu mmoja anazunguka mjini na nakala za hati akitafuta mnunuzi kwa siri. Pengine baba amefariki na shemeji wameanza kuja na watu wa kupima kiwanja. Mjane, au kijana wake, ananunua kopo la rangi ya bei nafuu na kuandika maneno matatu. Hakusubiri semina wala mradi. Maneno hayo yanamlenga mtu mmoja tu, mnunuzi, na yanamwambia jambo moja tu, kwamba akitoa pesa amejitakia. Majirani nao wanasoma, kwa hiyo hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba hakujua.

Bango la haki fupi kuliko hilo sijaliona. Aliyeandika ndiye mwenye shida, anayeambiwa ndiye mwenye uwezo wa kuleta madhara, na kinachotakiwa kiko wazi. Michoro mingi ya miradi, yenye bajeti kubwa mara mia, inashindwa katika yote matatu.

Nyumba za bayeye

Wapo wanaodhani kuchora kuta ni jambo lililoletwa na wageni. Lakini mwaka 1953 ulichapishwa London utafiti wa Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya kuchunguza mila katika serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kitabu kizima kilihusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka.

Kwa Wasukuma na majirani zao Wanyamwezi, bayeye ni chama cha watu wanaojua kukamata nyoka, kucheza nao, na kutibu sumu yao. Walikuwa na nyumba ya kufundishia wanachama wapya, na kuta za ndani za nyumba hiyo walizichora: nyoka, watu, viumbe wa mizimu, mambo ya asili ya chama chao. Nje ilionekana nyumba kama nyumba nyingine. Na hata mtu ambaye si mwanachama angepenyezwa ndani, angeona nyoka tu, maana mchoro ulikwenda pamoja na mafundisho na nyimbo. Mwalimu alisimama mbele ya ukuta, akaimba, akaeleza, mwanafunzi akajibu.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu ndipo miradi ya leo inapokosea. Usukuma ni nchi ya ngoma za mashindano. Bagika na Bagalu, pande mbili zinazoshindana tangu zamani, hukutana baada ya mavuno, kila upande ukiwa na nyimbo zake mpya za kujisifu na kuwachokoza wenzao, na umati ndio unaoamua kwa miguu yake: unahamia kwenye ngoma tamu zaidi. Sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, imeyalea mashindano hayo hadi leo. Watu waliokulia katika utamaduni huo hawasomi picha kimyakimya wakiwa wamekunja mikono. Wanataka picha yenye wimbo wake na mtu wa kuusimamia.

Sasa tazama mradi wa kawaida. Jumatatu fundi anafika, Alhamisi amemaliza, Ijumaa wageni wanapiga picha mbele ya ukuta, na Jumamosi hakuna hata mtu mmoja kijijini aliyepewa kazi ya kuueleza. Bayeye wangecheka.

Macho mekundu

Tuje kwenye jambo zito. Kwa miongo mingi wanawake wazee wa Shinyanga, Mwanza na Geita wameuawa wakituhumiwa uchawi, na mojawapo ya "ushahidi" unaotajwa ni macho mekundu. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti kwamba katika mwaka 2013 watu 765 waliuawa nchini kwa sababu za imani za kishirikina, na 505 kati yao walikuwa wanawake.

Macho hayo yana sababu, na sababu iko jikoni. Sehemu kubwa ya Usukuma miti ni michache. Watu hupikia mabua ya pamba, vijiti, na kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mama anayepuliza moto huo tangu akiwa binti, kwa miaka 50, atakuwa na macho ya namna gani?

Serikali iliwahi kujaribu nguvu. Katikati ya miaka ya 1970 ilifanyika operesheni ya kuwasaka wauaji Mwanza na Shinyanga; watuhumiwa waliteswa, baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kuwajibika kwa jambo ambalo hakulifanya kwa mkono wake. Watanzania wanakikumbuka kisa hicho kama somo la uwajibikaji, na ni sawa. Ila wanasahau upande wa pili: baada ya mateso yote yale, vikongwe waliendelea kuuawa. Rungu halikuigusa imani.

Je, ukuta unaweza kuigusa? Inategemea umechora nini. Mchoro unaokuja kwa haraka ni bibi anayelia, na juu yake maandishi ACHENI KUUA VIKONGWE. Ukiutafakari utaona kasoro yake. Anayekusudia kuua hajioni anaua kikongwe. Anajiona anaiokoa familia yake dhidi ya mchawi. Bango halikumsemesha yeye.

Mchoro mwingine ungeweza kuanza na moshi. Picha ya kwanza ni jiko la kienyeji, mafiga matatu, binti wa miaka 15 ameinama anapuliza moto, macho meupe. Ya pili, jiko lilelile, mama wa miaka 40, moshi umekuwa mzito, macho yameanza kubadilika. Ya tatu ni bibi, macho mekundu, bado anapuliza. Ya nne ni bibi huyohuyo mbele ya jiko sanifu lenye bomba la moshi linalotokea juu ya paa, na mjukuu amekaa karibu naye. Hakuna neno hata moja. Shirika la HelpAge na wenzake walihamasisha majiko ya aina hiyo Usukuma kwa sababu hiihii, kwamba ukipunguza moshi umepunguza na "ushahidi".

Uzuri wa mfululizo huo ni kwamba kila mwanaume anayeutazama anamwona mkewe kwenye picha ya pili. Na ukiwekwa karibu na kisima, ambapo wanawake hupanga ndoo na kusubiri zamu, bibi mmoja jasiri anaweza kuwa mwalimu wake. Binti atamwamkia, shikamoo bibi, naye ataitikia marahaba mjukuu wangu, kisha atanyoosha kidole kwenye picha ya kwanza na kusema: huyu nilikuwa mimi. Hakuna mtaalamu kutoka mjini atakayeisema sentensi hiyo.

Jambo moja zaidi, ambalo picha ya moshi haitalimaliza. Tuhuma nyingi za uchawi zinafuatana na shamba. Bibi ni mjane, ana ekari za mpunga, watoto wa marehemu mume wake wanazitaka. Kijiji kikifikia hatua ya kulitamka hilo hadharani, picha ya tano itajitokeza yenyewe, na maandishi yake tunayajua: SHAMBA HILI HALIUZWI.

Sengerema: sanamu isiyoshika panga

Ukivuka ziwa pale Kigongo–Busisi kuelekea Geita, unapita mji wa Sengerema. Hapo kuna mnara wa kuwakumbuka watu wenye ualbino waliouawa au kushambuliwa, uliosimamishwa kwa juhudi za shirika la Under The Same Sun. Ualbino ni hali ya kuzaliwa ambapo mwili unakosa rangi ya kutosha kwenye ngozi, nywele na macho, na hivyo jua huidhuru ngozi haraka. Kuanzia mwaka 2006 na 2007 Kanda ya Ziwa ilishuhudia wimbi la mauaji yaliyochochewa na uongo kwamba viungo vya watu hawa huleta utajiri, uongo uliopata soko zuri mahali ambapo dhahabu huja kwa bahati na kila mtu anatafuta siri ya bahati hiyo.

Mnara huo si mchoro wa ukutani, lakini unafundisha wachoraji kuliko michoro mingi. Ni sanamu za chuma za ukubwa wa binadamu. Baba amembeba mtoto mwenye ualbino mabegani. Mama anamvisha mtoto kofia pana ya kumkinga na jua. Majina ya waathirika yameandikwa pale pale.

Panga halipo. Mganga hayupo. Damu hakuna. Waliobuni wangeweza kuchagua kitisho, na hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake wamechagua jambo la kila asubuhi, mzazi anayemwandaa mtoto kutoka nje. Kofia ile inasema mambo mawili kwa pamoja: hatari ya kweli kwa ngozi hii ni jua, na mtoto huyu ana wenyewe.

Nimeona vipeperushi na michoro ya kampeni inayoonyesha mkono uliokatwa. Nia ni njema, lakini mtoto mwenye ualbino anayepita hapo kwenda shule anajifunza nini kuhusu mwili wake? Na aliyesikia tetesi za bei ya kiungo anakumbushwa nini? Katika kituo cha Buhangija, Manispaa ya Shinyanga, watoto wengi wenye ualbino waliletwa kwa ajili ya usalama wao, mbali na wazazi. Mchoro wowote unaowahusu upimwe kwa macho ya mtoto wa pale kabla ya kupimwa kwa macho ya mfadhili.

Januari 2015 serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, yaani uaguzi unaomtaja jirani au ndugu kuwa ndiye chanzo cha msiba wako. Marufuku ni jambo la sheria na polisi. Ukuta una kazi nyingine: kuifanya ramli hiyo ionekane ya aibu kwa anayeiendea.

*Kwa ufupi hadi hapa:* mchoro unaofaa unaeleza sababu badala ya kukemea. Unaonyesha maisha yanayotetewa zaidi ya ukatili unaopingwa. Na una mtu, ikiwezekana na wimbo, wa kuufasiri.

Kuchora kisichoonekana

Machimboni tatizo ni tofauti. Adui mkubwa hana umbo.

Mchimbaji mdogo hushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hupandisha mawe, mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji, kisha inaingia zebaki. Zebaki ni metali iliyo katika hali ya majimaji, nzito na inayong'aa, yenye tabia ya kuzishika chembe za dhahabu na kufanya nazo kibonge. Kibonge hicho huchomwa moto. Zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo hauna harufu wala rangi. Unaingia mapafuni, unafika kwenye mishipa ya fahamu, na baada ya muda mikono huanza kutetemeka. Mama mjamzito akiuvuta, humfikia mtoto tumboni.

Mahali kama Rwamagasa, Geita, pamechunguzwa tangu miaka ya 2000, Umoja wa Mataifa ulipoendesha mradi wa kupunguza zebaki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo ya Geita, Kahama na Chunya, baadhi yao wakishika zebaki kwa mikono mitupu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, unaodhibiti zebaki duniani, mwaka 2020. Minamata ni mji wa Japani ambao wavuvi wake walisumishwa na zebaki ya kiwanda. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Picha za watoto wao ziligusa watu duniani kote.

Utachoraje mvuke usioonekana? Njia moja ni kuteua rangi ambayo haitatumika mahali pengine popote kwenye ukuta, tuseme zambarau. Zambarau inaanzia kwenye kikaango kilicho juu ya jiko la mkaa. Inapanda, inagusa sufuria ya uji, inaingia kwenye kanga ya mama, inamfikia mtoto mgongoni, inatoka dirishani hadi kwa jirani anayecheza bao bila habari. Mtu anayepita atauliza tu: hii zambarau ni nini? Akishauliza, mchoro umefanya nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni retoti, chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba, ambacho kibonge huchomwa ndani yake, mvuke ukapoa na kurudi kuwa zebaki. Waelezaji wengi huanza na afya. Ningeanza na mfuko: zebaki inanunuliwa, na kuichoma wazi ni kupeperusha fedha uliyolipa. Afya ije ya pili, kwa mke, maana mara nyingi uchomaji unafanyika nyumbani, kwenye jiko lilelile la chakula.

Ukifika na mawazo hayo kwenye mkutano wa kijiji, jiandae. Atasimama mchimbaji mmoja, atavua kofia, na kusema: "Mwenyekiti, mnanichora mimi na kikaango changu. Mbona anayeniuzia zebaki hamumchori? Mbona mnunuzi anayenisubiri nje na mzani hamumchori?" Ukumbi utacheka, kisha utanyamaza, maana amesema kweli. Anayeathirika ndiye anayeonekana mkosaji pichani, na anayefaidika amebaki nje ya fremu. Mkutano ukikubali kumwongeza mnunuzi ukutani, hata bila uso, mchoro umevuka kutoka kwenye ushauri wa afya na kuingia kwenye madai ya haki. Na ukikataa, sababu za kukataa zitakufundisha nani ana nguvu hapo kijijini.

Nani achorwe, nani aachwe

Mabishano hayo si ya Geita peke yake. Mwaka 1967, kusini mwa Chicago, Marekani, kundi la wasanii weusi lilichora jengo chakavu na kuliita Ukuta wa Heshima. Walichora mashujaa: Muhammad Ali, Malcolm X, Nina Simone. Martin Luther King hakuwekwa. Unaweza kuukubali uamuzi huo au kuukataa, lakini ulikuwa uamuzi, uliotokana na watu kubishana juu ya nani anawawakilisha. Washairi walikuja kusoma mashairi mbele yake, jambo ambalo bayeye wangelielewa mara moja. Jengo lilibomolewa miaka michache baadaye. Wakati huo miji mingine ya Marekani ilikuwa imeshaanza kuiga.

Karibu nasi, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, Kilimanjaro, alimaliza mwaka 1959 michoro mikubwa ndani ya kanisa la kumbukumbu huko Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Alimchora Yesu akizaliwa katika mandhari ya milima ile ya Kikuyu, kati ya watu wa pale. Kwa mkoloni wa mwaka 1959 hilo halikuwa jambo dogo.

Nairobi mwaka 2012, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji vijana waliwachora wanasiasa kama tai wala mizoga, karibu na soko la katikati ya jiji, wakifanya kazi usiku. Miaka minne kabla, Kibera ikiwaka baada ya uchaguzi, mchoraji anayejulikana kama Solo7 alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye kuta na vibanda. Tai wale walifaa Nairobi. Kwa kijiji cha Shinyanga nina shaka nao, na sababu ni hii.

Kijijini hakuna umati wa kujifichia. Sungusungu, ulinzi wa jadi ulioanzia maeneo haya mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kupambana na wezi wa ng'ombe, ulisaidia wengi, lakini mahali pengine uligeuka dhidi ya waliotuhumiwa uchawi. Uso unaotambulika, uliochorwa ukutani kama mhalifu, unaweza kumfanya mtu auawe kabla mahakama haijamsikia. Kwa hiyo wema wachorwe kwa sura zao, kwa ridhaa yao. Uovu uchorwe kama tendo. Mnunuzi wa dhahabu awe mkono na mzani. Mpiga ramli awe kibuyu.

Mkono wa mfadhili

Sehemu hii ni fupi kwa sababu kila mtu anaijua. Fedha ya rangi inatoka mahali, na kila mahali pana nembo. Nembo ikizidi ukubwa wa kichwa cha mtoto aliyechorwa, watu watasoma nembo. Hatari zaidi ni pale anayelipia rangi ndiye anayelalamikiwa na kijiji: ukuta utazungumza usafi, chanjo na mahudhurio shuleni, yote mema, na hautasema neno juu ya vumbi, fidia au maji. Kama hakuna namna ya kukwepa fedha hiyo, chukueni rangi na mkatae orodha ya mada.

Mambo ya fundi

Udongo mweusi wa mbuga, unaojaa Shinyanga, huvimba mvua ikinyesha na kunywea kiangazi, na ukuta uliojengwa juu yake hupasuka. Kagua nyufa kabla ya kuchagua. Lipu mpya ya saruji iachwe wiki nne ikauke. Ukiharakisha, chumvi itatoka ndani na kumenya rangi kwa mabaka meupe, na kwa bahati mbaya mabaka hayo hupenda nyuso. Tumia rangi ya maji ya nje. Nyekundu na njano za bei rahisi hufifia upesi juani, kwa hiyo usizitegemee kubeba ujumbe. Chini, kiasi cha sentimita 60 kutoka ardhini, paka rangi moja ya giza bila picha: hapo ni pa matope ya mvua na mbuzi.

Kukuza mchoro mdogo kufikia ukuta mzima, gawa karatasi kwa miraba, gawa ukuta kwa miraba ya idadi ileile, kisha nakili mraba mmoja mmoja kwa chaki. Watoto wa darasa la sita wanaweza kazi hiyo, na wakipewa miraba yao hawataacha kuionyesha kwa wazazi.

Ushindani mkubwa wa ukuta hautoki kwa wapinzani wa haki. Unatoka kwa kampuni inayokuja kumpakia mwenye duka rangi ya bure, na pengine kumwachia kitu mkononi. Kwa hiyo makubaliano yawekwe kwa maandishi kabla kopo halijafunguliwa:

- mwenye ukuta hataufuta wala kuupangisha kwa miaka mitatu, na akiuza jengo ataiarifu kamati;
- halmashauri iulizwe mapema kama ada ya mabango inahusika;
- atajwe mtu, au kikundi cha ngoma, mwenye kazi ya kuueleza mchoro siku za gulio na za kliniki;
- kila anayetambulika pichani awe amekubali, na kwa mtoto, mzazi awe amekubali;
- sehemu iliyochakaa irudiwe kila baada ya masika, na ijulikane nani analipia.

Nakala moja ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja kwa mwenye ukuta, na moja kwa fundi. Malipo yake ya mwisho yasubiri mvua kubwa za kwanza zipite na ukuta ukaguliwe.